Siku Rukia Aliponyamaza Mbele ya Tembo

Majirani zangu wa duka kwa duka, mmeniuliza nilikuwa wapi wiki ile mlango wangu ulipofungwa, na kila mmoja nimemjibu kwa kifupi kwamba nilikwenda Ruaha kuona wanyama. Si uongo, ila si habari yote, nanyi mmenishuku tangu mwanzo. Basi naiandika hapa mara moja, muisome kwa kupokezana, msinibane tena mbele ya wateja.

Kwa wasionijua vizuri, mimi nauza udi, marashi na mabuibui Kariakoo. Tangu mume wangu afariki naishi Mchafukoge, nyumbani kwa kaka yangu Nassor. Nassor ana binti mmoja, Rukia, aliyesomea utalii akapata kazi Ruaha, kwenye kambi ya wageni ndani ya hifadhi. Nyumbani tuliambiwa yuko ofisini. Sisi tukamchorea picha yetu: meza, kiti, feni na kompyuta, na wanyama wako mbali huko nyuma ya ukuta.

Ikaja posa. Watu wa Upanga, wenye duka la vifaa vya ujenzi, kijana wao anaitwa Hilal. Kijana ana adabu, ana dini, na hakuna aliyekuwa na neno baya juu yake. Nassor alimtaka huyo mkwe kuliko alivyoonyesha. Ikabaki kumuuliza mwali mwenyewe, na kwetu swali hilo haliulizwi kwa simu. Shangazi humwendea akamuuliza ana kwa ana, akautazama uso. Mwali akisema hataki, hataki. Akinyamaza, ameridhia. Akilia, watasema ni furaha. Na haulizwi mara mbili, maana kumrudia ni kama kumlazimisha.

Shangazi ni mimi. Umri huu wote nilikuwa sijawahi kulala bara hata siku moja.

Mbezi hadi Morogoro

Nilifungasha visheti, mkate wa kumimina, halwa ya kutosha kambi nzima, na chupa ya kahawa ya tangawizi. Nilifika stendi ya Mbezi alfajiri kwa kuogopa kuachwa, nikakuta basi limeinuliwa, tairi moja liko chini na mafundi wawili wamelikalia wanakunywa chai. Tuliondoka jua limeshakuwa kali. Nusu ya visheti ilikwisha kabla hatujatoka stendi, kwa sababu sijui kula peke yangu watu wakinitazama.

Kiti cha pili alikaa mama mmoja wa Iringa, Mama Tumaini, anayekuja Kariakoo kuchukua mitumba. Alinijua kwa harufu. Akasema basi zima linanukia duka la udi. Nilimwambia naenda mbugani, nikamuuliza ukuta wa mbuga una urefu gani. Alinitazama, akameza kisheti chake, akauliza ukuta upi. Nikadhani hajaelewa swali.

Mikumi, kutoka dirishani

Hapa ndipo nilipopata mshtuko wa kwanza. Mimi nilijua hifadhi ni mahali unapofika, ukakuta geti, ukaingia. Kumbe barabara kuu yenyewe inapita katikati ya Mikumi, malori na mabasi yote, bila ukuta wala waya. Dereva alipunguza mwendo tu, nami nikaona twiga ametokeza kichwa juu ya miti akitutazama. Bonde likafunguka, majani ya rangi ya simba mpaka kwenye milima ya mbali, na pundamilia wamesimama humo kwa mafungu. Sikujua nchi yetu ina nafasi kubwa hivyo isiyo na duka hata moja.

Kisha basi likasimama. Ndovu walikuwa wanavuka, wakubwa mbele na wadogo katikati, taratibu. Nilisoma kila dua niliyofundishwa madrasa. Nilipogeuka kutafuta mwenzangu wa kuogopa naye, nikakuta Mama Tumaini amelala, na kijana wa nyuma yangu anamenya yai. Watu wa njia ile wamezoea. Hilo la kuzoea lilinishtua kuliko ndovu wenyewe.

Kitonga na Iringa

Baada ya Ruaha Mbuyuni, ambako walituuzia vitunguu dirishani kana kwamba basi zima linakwenda kupika pilau, tukaanza kupanda Kitonga. Sitaki kuisimulia sana. Upande mmoja mwamba, upande mwingine hakuna kitu, na mbele yetu lori linapanda kwa kulalamika. Nilifumba macho mpaka nilipoanza kusikia baridi, nikajua tumefika juu.

Mama Tumaini aliniona natetemeka, akanihurumia. Basi liliposimama alishuka akarudi na kikombe cha kitu cheupe chenye utamu, akasema ni maji ya mianzi, yatanichangamsha. Nikapiga funda kubwa. Utamu ulikuwa na ukali ndani yake, nikamuuliza jina lake. Akaniambia ulanzi, kama tembo lenu la mnazi huko pwani. Mimi, mjukuu wa mwalimu wa Kurani, nilitema nje ya dirisha na nusura nimpate muuza karanga. Mama Tumaini aliomba radhi njia nzima iliyobaki, maana hakuwa na nia mbaya. Alidhani kila mtu anajua ulanzi. Kwa hiyo siku moja niliona tembo wa porini na nikaonja tembo la kikombeni.

Stendi ya Iringa kondakta mzee alinipokea begi akaniambia, "Kamwene." Nikamjibu mimi si Mwene, mimi Zuwena. Watu wakacheka. Kumbe ananisalimu kwa Kihehe.

Na hapo akaja Rukia. Amevaa shati la kijani, suruali pana, buti zenye vumbi, ushungi umefungwa kwa nyuma. Akaniamkia shikamoo, akanibusu mkono, akatupa begi langu nyuma ya gari kubwa lililo wazi pembeni. Nikaitikia marahaba, nikamuuliza dereva yuko wapi.

"Dereva mimi, shangazi," akasema.

Akaniambia yote tukiwa njiani, kabla sijauliza. Ofisini hajakaa hata mwezi. Anaendesha wageni na kuwaonyesha wanyama, kila siku, na hakusema nyumbani kwa sababu alijua kitakachosemwa. Nilishika chuma cha gari kwa mikono miwili na nikamtazama mtoto niliyemfundisha kufunga buibui akikata kona za vumbi kwa mkono mmoja.

Ndani ya Ruaha

Nitasema kweli: sikutarajia uzuri. Nilitarajia pori, na pori kwangu lilikuwa kitu kimoja. Kule kila baada ya mwendo mfupi nchi inabadili nguo. Tulipita misitu ya miti myembamba iliyopukutisha majani, ardhi nyekundu inaonekana chini. Tukashuka kwenye mto mkubwa wenye mawe meusi, viboko wamejazana kwenye maji yaliyobaki. Tukavuka tambarare ya udongo mweusi uliopasuka, Rukia akaniambia hiyo ndiyo mbuga hasa, na kwamba sisi watu wa mjini tunaliita kila pori mbuga. Kisha vilima vya mawe, na juu yake pimbi wanaota jua kama wazee wa barazani. Mibuyu ilikuwa imechunwa magome mpaka ndani. Nikauliza nani mwenye shoka kubwa namna ile. Tembo, akasema, wanatafuta maji.

Nilishtuka pia kumwona Rukia mwenyewe. Nyumbani ni mtoto wa sauti ya chini, anayepokea sinia na kuondoka. Kule alisimamisha gari akaniambia ninyamaze, nami nikanyamaza. Akanusa hewa. Akanionyesha alama mchangani, akasema chui amepita asubuhi ile na alikuwa hana haraka. Wenzake kambini, wanaume watu wazima, walimuuliza njia ipi inapitika.

Moyoni nilikuwa na swali langu. Usiku wa kwanza tulikuwa na wapishi, wa pili na wageni. Nikaona nisubiri tuwe wawili tu, mahali patulivu.

Korongo la mchanga

Mahali patulivu tulipata asubuhi ya pili. Ni mto uliokauka, mchanga mweupe mpana, na tembo huja kuchimba humo kwa mkonga mpaka maji yatoke chini. Tuliwaona wawili upande wa pili, mbali, wanachimba kama mafundi wa kisima. Rukia alizima gari. Hakukuwa na sauti yoyote ila njiwa. Nikasema moyoni, Zuwena, ni sasa.

Nikageuka nimkabili, mgongo nikaupa mlango. Nikamwambia:

"Rukia, baba yako ameletewa posa. Ni Hilal, wa Upanga. Sote tumeridhika, imebaki wewe. Unasemaje?"

Akafungua mdomo, kisha akaufunga. Akainamisha macho. Mikono yake ikatulia juu ya mapaja, haikutikisika hata kidole, na juu ya mdomo pakatoka jasho jembamba. Wallahi sijapata kuona haya nzuri namna ile. Nilikaa kimya nami, nikimpa nafasi, na machozi yalinilenga, maana nilimlea yule. Nikasema moyoni, ameridhia.

Ndipo nikasikia pumzi nyuma ya shingo yangu.

Niligeuka polepole. Lilikuwa jicho, na kope zake ndefu. Tembo jike alikuwa ametoka vichakani na mtoto wake bila kuvunja hata kijiti, amesimama ubavuni kwa gari, masikio ameyatanua. Sikupiga kelele kwa sababu sauti ilikuwa imenikimbia. Akatutazama mpaka akaridhika kwamba hatuna la maana, akamsukuma mtoto kwa mkonga, akashuka mchangani kwa wenzake.

Baadaye tulicheka mpaka tukalia, sote wawili, tunatetemeka. Rukia alinieleza kwamba jike mwenye mtoto ni wa kuogopwa kuliko simba, na neno moja tu lingetosha kumgeuza. Nilisikia maneno hayo kwa masikio yangu. Lakini hayakuniingia, nilikuwa na furaha yangu nyingine. Na swali sikulirudia, maana halirudiwi.

Kilima cha mtandao

Kambini simu hazishiki. Kuna kilima karibu, gari hupanda mchana kwa wanaotaka kupiga. Rukia alibaki na wageni wake, mimi nikapanda na mpishi. Nikampigia Nassor nikamwambia neno moja: kanyamaza.

Akauliza macho yalikuwa wapi. Nikamwambia chini. Akamshukuru Mungu, na nikamsikia akimwita mkewe.

Kesho yake mimi na Rukia tulipita chini ya kilima hicho, simu yake ikaanza kulia mfululizo. Akaifungua kwa mkono mmoja. Ikatoka sauti ya mama yake ikimpongeza kwa kukubali, na nyuma yake vigelegele vya wanawake wa jengo zima. Alipiga breki mpaka chupa yangu ya kahawa ikaruka.

"Shangazi, nani amekubali?"

Nikamwambia yeye. Nilimuuliza, akanyamaza.

"Tembo alikuwa mgongoni kwako."

Nikasema ninajua, nilimwona, lakini mwali akiulizwa akanyamaza... Hakunipa nafasi ya kumaliza.

"Humu ndani kila mtu hunyamaza, shangazi. Wazungu nao hunyamaza. Wote hao nimeshawaozesha?"

Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililoniuma. Akaniambia posa aliisikia, akasubiri nimuulize tena tukishatulia. Nilipokaa kimya siku nzima akafikiri nimebadili mawazo, na akamshukuru yule tembo. Mimi nimeshika adabu ya kutorudia, yeye anasubiri swali. Kisha akaniuliza kitu ambacho katika maisha yangu sikuwahi kuulizwa na mtu.

"Na wewe ulipoulizwa, ulisema nini?"

"Nilinyamaza."

"Kulikuwa na tembo gani?"

Nilitazama nje. Kulikuwa na swala wamesimama kwenye majani, wote wametugeuzia vichwa.

Mwishowe nikavunja desturi. Nikamwambia, Rukia, nakuuliza mara ya pili, na nikihitaji nitakuuliza ya tatu: unamtaka Hilal?

"Simtaki, shangazi. Sina ubaya naye. Simtaki."

Tukapanda kilima. Niliogopa kuliko nilivyoogopa Kitonga. Nassor alipopokea alikuwa mchangamfu, akanieleza halwa imeshaliwa, na kwamba yeye na baba wa kijana walishapeana mikono msikitini baada ya Alasiri, mbele za watu. Nikamwambia nilikosea. Akasema maji yameshamwagika, hayazoleki, na mtoto atazoea. Kila mtu huzoea.

Nikampa Rukia simu.

"Shikamoo, baba," akasema. "Sitaki kuolewa na Hilal. Ungeniuliza mwenyewe ningekwambia."

Upande wa pili hapakuwa na neno. Tulisikia honi za Kariakoo tu, na mtu anatangaza bei ya vitambaa. Nikaichukua simu nikamwambia, Nassor, umenyamaza, sasa tukuelewe vipi? Akakata.

Kurudi Mchafukoge

Njia ya kurudi sikuona kitu. Twiga wa Mikumi huenda walikuwapo, mimi nilikuwa nahesabu shanga za tasbihi. Nilijua Nassor akikaza, binti ataitwa nyumbani, na akiitwa hatarudi tena kule, na kosa litakuwa langu mimi niliyekimbilia kupiga simu. Haraka haraka haina baraka; nimewaambia wateja maneno hayo miaka mingi, nikayasahau siku yangu.

Nassor alikuwa ananisubiri Mbezi na gari lake. Akapokea begi bila kunitazama. Tukapita Kimara, tukapita Ubungo. Magomeni ndipo akasema kwamba alikwenda Upanga mwenyewe. Amewaambia hakuna ndoa. Amewaambia dada yake hasikii vizuri siku hizi, alimuuliza mtoto, mtoto akasema hataki, dada hakusikia, akadhani amenyamaza. Watu wa Upanga walikasirika, kisha wakamhurumia. Mama wa kijana amenitumia mafuta ya habasoda ya kutia masikioni.

Sasa mmejua kwa nini wateja wa Upanga wananipigia makelele dukani. Nilikasirika sana, naapa. Nilimwambia angeweza kusema yeye ndiye kiziwi. Akasema yeye hakuwepo Ruaha. Na Rukia, nikauliza. Akasema Rukia abaki kazini, ila apigie nyumbani kila Ijumaa, na asimfiche tena kitu.

Mnazi Mmoja tulikuta foleni imekwama. Watu wanavuka katikati ya magari, bajaji zinajipenyeza. Nassor akazima gari. Hakunigeukia, alishika usukani kana kwamba bado anaendesha.

Lazima niwaambie kwamba siku ya posa yangu, shangazi yetu ndiye aliyeniuliza chumbani, na Nassor, kijana wa wakati ule, ndiye aliyekuwa amesimama mlangoni. Yeye ndiye aliyekwenda ukumbini kuwaambia wanaume kwamba nimenyamaza.

Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Zuwena, siku ile ulikuwa umekubali?"

Nilimsikia vizuri sana.

"Sema tena," nikamwambia. "Si umesema mimi ni kiziwi?"

Akageuka, akanitazama, akarudia neno kwa neno. Hakuna aliyewahi kuniuliza mara mbili.

Nikamwambia hapana. Nilimzoea marehemu, nikampenda, nikamzika na nikamlilia kwa haki yake, lakini siku ile sikukubali. Nilikuwa nangoja shangazi atoke nikuite wewe, na wewe ukawa umeshaondoka mlangoni.